Sura ya Sita: Malenga Wasio na Pwani

Kolo ni kijiji cha kupitwa. Basi la kutoka Dodoma kwenda Arusha likishatoka Kondoa mjini husimama hapo kidogo, abiria mmoja au wawili wakashuka na viroba vyao, kisha safari ya Babati ikaendelea. Wanaokuja Kolo kwa makusudi ni watalii. Hao hupitia ofisi ya Mambo ya Kale, wakalipa kiingilio na kupewa mtu wa kuwapandisha miambani. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, lakini habari zake zilikuwa zimekwenda mbali kabla ya hapo. Mary Leakey alikaa huku mwaka 1951 akinakili watu na wanyama wale wekundu kwa mkono, mwamba kwa mwamba, na kitabu chake juu yao kikatoka 1983. Sitaieleza michoro. Walioieleza ni wengi, na waliochora hawakutuachia maneno.

Mimi maneno ndiyo niliyoyafuata. Katika nchi hii ya kati, kuanzia Kondoa hadi Mbulu, zimekutana familia zote nne ambamo wanaisimu wa karne iliyopita walizigawa lugha za Afrika. Warangi wa Kolo husema lugha ya Kibantu. Majirani zao Waalagwa na Waburunge ni Wakushi. Wadatoga na Wamaasai wanaopitisha ng'ombe ni Wanailo. Wasandawe, upande wa magharibi, wana lugha ya mibofyo ambayo zamani iliwekwa kundi moja na lugha za kusini mwa Afrika, na ambayo siku hizi wataalamu wengi hawataki kuiweka kundi lolote. Ujirani wa namna hii hauachi lugha ikiwa kama ilivyokuja. Mrangi akizungumzia jambo litakalofanyika, hukitanguliza kitendo chenyewe, ndipo akaleta kitenzi kisaidizi nyuma yake, jambo ambalo karibu ndugu zote za Kibantu hazilifanyi. Wanaisimu wanaotafuta sababu huwatazama Wakushi.

Kaa kando ya barabara asubuhi ya gulio na utasikia jambo jingine. Mama anayeuza mbaazi anataja bei kwa Kiswahili, anamsimanga mteja mbahili kwa Kirangi, halafu anarudi kwenye Kiswahili kutaja jina la benki au dawa ya mifugo, yote katika pumzi moja. Kijana wa bodaboda anatuma ujumbe wa sauti ulioanza kwa lugha moja na kuishia kwa nyingine. Hakuna anayeshangaa. Sasa ingia kwenye duka lolote la vitabu, Kondoa, Dodoma au Dar es Salaam, utafute ukurasa wa fasihi unaosema hivyo. Utatoka mikono mitupu.

Wapo waandishi duniani walioamua kuyatia mazungumzo ya namna hiyo kwenye kurasa, wakapigwa vita kwa ajili yake, wakashinda kiasi. Ni Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico. Ninawaleta hapa kwa sababu kisa chao kikiwekwa karibu na cha malenga wetu wa bara, cha kwetu kinaonekana vizuri zaidi.

Mwaka 1848 Mkataba wa Guadalupe Hidalgo ulimaliza vita kati ya Marekani na Mexico, na karibu nusu ya nchi ya Mexico ikahamia upande wa washindi. Watu waliokuwa wakiishi huko hawakuhama. Mpaka ndio uliowahama. Wajukuu wao, pamoja na wengine wengi waliovuka baadaye kutafuta kazi za mashambani, walikua wakisema Kihispania nyumbani na Kiingereza shuleni. Gloria Anzaldúa, aliyezaliwa 1942 katika bonde la Rio Grande, Texas, ameandika jinsi alivyochapwa rula kwa kukutwa akisema Kihispania wakati wa mapumziko. Msomaji aliyesoma shule zetu na kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema "kilugha" hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1965 wachuma zabibu wa Delano, California, waligoma. Luis Valdez, kijana wa miaka 25 aliyezaliwa mji huohuo, akaenda kwa chama cha wafanyakazi cha César Chávez na kuanzisha kikundi cha maigizo ambacho waigizaji wake walikuwa wagomaji wenyewe. Kiliitwa El Teatro Campesino. Jukwaa lilikuwa bodi ya lori lililoegeshwa kando ya shamba. Mavazi hayakuwapo, ila mbao ndogo zilizoning'inizwa shingoni zikimtaja mwigizaji: huyu bwana shamba, huyu mgomaji, huyu msaliti aliyeingia kazini. Vichekesho vilikuwa vifupi, vikisemwa kwa Kihispania na Kiingereza kilichovurugwa pamoja kama wachumaji walivyokivuruga, na mwisho bwana shamba aliaibika mbele ya watu waliokuwa wakimwogopa tangu asubuhi.

Baada ya lori kikaja kitabu. Tomás Rivera, mtoto wa vibarua waliohama kila mwaka kufuata mavuno, alitoa riwaya yake mwaka 1971 kwa Kihispania, na tafsiri ya Kiingereza ikawekwa ndani ya jalada lilelile. Anzaldúa mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Kitabu chake cha 1987, Borderlands/La Frontera, kinaruka kutoka lugha hadi lugha katikati ya sentensi, kutoka insha hadi shairi, bila kumshika mkono msomaji asiyejua Kihispania. Anayetaka kuelewa na ajifunze. Ukali huo ninaupenda, ingawa nakiri kuna kurasa zinazochosha.

Basi turudi kwetu. Mwandishi mkubwa wa uwanda huu wa kati ni Mathias Mnyampala, na ili kumwelewa ni lazima kurudi nyuma hadi vita. Aprili 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer lilishuka kutoka upande wa Arusha likaiteka Kondoa. Mwezi uliofuata Wajerumani walijaribu kuirudisha, wakashindwa, na vita vikaelekea kusini hadi reli ya kati. Majeshi yote mawili yalikula nchi: yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipogoma, hapakuwa na akiba. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo. Mnyampala alizaliwa Novemba 1917, Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, jirani na palipo leo Mji wa Serikali wa Mtumba.

Alisomeshwa na wamisionari Wakatoliki, akafundisha, akawa karani wa serikali na baadaye hakimu. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo, na Kigogo hakikuwa lugha isiyo na maandishi: wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameanza kuchapa sehemu za Biblia kwa lugha hiyo kabla karne ya 19 haijaisha. Njia ilikuwapo, kwa hiyo, ya Mgogo kuandika kwa Kigogo. Mnyampala akachagua Kiswahili, na si Kiswahili tu bali ushairi wa vina na mizani, kazi ambayo watu wa pwani waliiona kuwa yao kwa urithi.

Tusiipite haraka hatua hiyo. Mtu wa pwani wa zama zile alipotazama bara aliona nchi ya kupitia misafara, na watu wake alikuwa na jina la kuwaita ambalo sina haja ya kulirudia. Utenzi, bahari ndefu kuliko zote, ulikuwa umekomaa katika visiwa vya kaskazini ya pwani ukisimulia vita vya Mtume na masahaba. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Na huyu hapa Mkristo kutoka nchi kavu, nchi ya uwele na mibuyu, anatoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963, na Utenzi wa Zaburi miaka miwili baadaye. Hakuomba ruhusa ya mtu. Diwani yake ilitoka mwaka huohuo wa 1963.

Hakuwa peke yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa limefungua ukurasa ambao karani wa Tabora na mwalimu wa Mahenge waliweza kujibizana kwa mashairi na mtu wa Tanga, na mhariri hakuuliza mtu kazaliwa wapi ila kama mizani imetimia. Shaaban Robert mwenyewe, malenga wa pwani, alipelekwa Mpwapwa kikazi miaka ya 1940. Tena, aliyeandika kitabu cha kanuni ambacho kizazi kizima cha washairi kilikitumia kupimia, Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, na Amri Abedi alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwendo wa miezi kwa miguu kutoka bahari iliyozipa jina bahari za ushairi.  Na chama cha washairi, UKUTA, kilipata kuwa na Mnyampala kama mwenyekiti wake.

Hapa ndipo njia ya kwetu na ya Wachicano zinapoachana. Mchicano alijibu dharau kwa kuichafua lugha ya mwenye nguvu: aliingiza Kihispania ndani ya Kiingereza mpaka mwenye Kiingereza akajiona mgeni kwenye kitabu chake. Malenga wa bara alijibu dharau kwa usanifu. Alijifunza lugha ya pwani hadi akaweza kumsahihisha mwenyeji. Mlangoni alipokuwa akizuiwa, akawa bawabu.

Kuna sababu za haki. Kiingereza cha Texas kilikuwa lugha ya aliyeshinda vita, na Kiswahili cha mwaka 1960 hakikuwa hivyo. Kilikuwa lugha ya TANU, ya vyama vya wafanyakazi, ya kumwelewa mtu wa kabila la pili. Mwandishi aliyekichagua aliona anaongeza wasomaji, wala hakujiona anajisalimisha. Hata hivyo bawabu mzuri huwazuia pia watu wa kwao, na Kigogo hakikupita mlango huo. Katika mashairi ya Mnyampala utakutana na wosia, dini, siasa na hekima zilizosafishwa. Lugha aliyonyonya nayo utaitafuta kwa tochi.

Kilichopita mlango ni umbo. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawataka waeneze Azimio la Arusha kwa wananchi. Mnyampala akaitika kwa ngonjera: mashairi ya kujibizana, watu wawili au zaidi wamesimama mbele ya hadhira, mmoja hajui au anabisha, mwenzake anajua, na ubeti kwa ubeti yule mbishi anavutwa mpaka anakubali. Watu wa pwani walikuwa na malumbano ya kishairi tangu kale, lakini yale yalikuwa ya mafundi wawili wakioneshana ubingwa. Hii ilikuwa ya watoto wa shule, ya wakulima wa kijiji cha ujamaa, ya yeyote aliyeweza kukariri. Mikusanyiko miwili ya Ngonjera za UKUTA ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1970 na 1971. Mtunzi alikuwa amefariki Dodoma mwezi Juni 1969, akiwa na miaka 51.

Miaka mitatu tu iko kati ya lori la Delano na wito ule wa Mwalimu. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja upande wake wa dunia, walifikia jambo lilelile: mkulima asiyeshika kitabu apewe maneno ya kusema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wenzake. Hata makosa yao yanafanana, kwa kuwa kazi zote mbili zimejengwa kwa wahusika wasio na moyo, ila vyeo. Lakini Valdez alikuwa na bwana shamba mbele yake, anayeweza kuita polisi. Mnyampala alikuwa na serikali nyuma yake. Katika ngonjera mshindi anajulikana kabla mtoto wa kwanza hajafungua kinywa, na mchezo ambao mshindi wake anajulikana haudumu na makali. Kufikia nilipokuwa mwanafunzi, ngonjera ilikuwa ndiyo ile ya kumkaribisha mgeni rasmi: watoto sita juani, ubeti wa kumsifu mkuu wa wilaya, ubeti wa kuomba madawati. Valdez naye alikwenda Broadway na Zoot Suit mwaka 1979, na wakosoaji hawakumhurumia. Ila yeye aliishi akaona. Mnyampala hakupata nafasi ya kuiona ngonjera ikizeeka, wala ya kuigeuza.

Aliyevunja mlango alitoka bara vilevile. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, na walinzi wa kanuni wakamrukia. Ugomvi ule umesimuliwa mara nyingi kama vita vya wazee na vijana. Mimi nauona zaidi kama ugomvi wa watu wa bara wenyewe kwa wenyewe: wale waliopata heshima kwa kuitimiza sheria ya wenyeji, na yule aliyeona kwamba lugha ikishakuwa ya taifa, sheria ya mtaa mmoja haimfungi.

Kisiwa hichohicho cha Ukerewe kilikuwa na mzee mwingine, na kisa chake ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896 na kusomea seminari, aliandika riwaya ndefu juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, ndoa isiyopata mtoto, kilimo, uvuvi, pombe, dawa, adabu za wakwe. Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Alifanya, peke yake, lile ambalo Mnyampala hakulifanya. Hakupata mchapishaji. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, mitambo ilikuwa mbali, na kila aliyeuona mswada aliusifu kisha akaurudisha. Ikabidi mzee, uzeeni, akae kuutafsiri wote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaufanya kitabu mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya miaka 35 tangu nukta ya mwisho ya Kikerewe. Kitereza alifariki 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Rivera, aliyeandika Kihispania nchini Marekani, alimpata mchapishaji mdogo wa California, Quinto Sol, ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kutafuta, kuzawadia na kuchapa vitabu vya Wachicano. Tuzo yake ya kwanza ilikwenda kwa Rivera mwaka 1970. Tofauti kati ya watu hawa wawili haiko kwenye kipaji. Mmoja alikuwa na nyumba ya uchapaji ya watu wake, mwingine alikuwa na sanduku.

Nisimtendee Mnyampala vibaya, hata hivyo, kwa kumtazama kwenye mashairi tu. Mwaka 1954 alikuwa ametoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, na humo ndimo alimoificha lugha yake. Huwezi kueleza watemi, koo, mawe ya mvua na ngoma za jando za Ugogo kwa msamiati wa Mombasa. Majina yanakuja kwa Kigogo kwa kuwa hayana pengine pa kutoka, na sentensi ya Kiswahili inajipanga upya ili iyabebe. Kama ningetakiwa kuchagua kitabu kimoja cha nchi hii ya kati cha kuweka karibu na Anzaldúa, ningechukua hicho na kuiacha diwani. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilibaki mswada zaidi ya miaka 40 na kuchapishwa 2013, nayo inastahili wasomaji wengi kuliko iliowapata.

Kigogo chenyewe kilipata bahati mahali pengine, kwenye wimbo. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo, aliimba kwa lugha yake juu ya ilimba na zeze mpaka kampuni ya Peter Gabriel, Real World, ikatoa Chibite mwaka 1996. Wazungu waliojaa kumbi kumsikiliza hawakudai tafsiri. Leo Chamwino kuna tamasha la muziki wa Wagogo ambako vikundi vya vijiji hukutana, na wanaotunga humo, wengi wao wanawake, hutia maneno ya Kiswahili na ya magazeti ndani ya wimbo wa Kigogo bila kuona wanavunja kitu. Hao ndio jamaa wa karibu kabisa wa lori la Delano ambao uwanda huu unao. Wakosoaji wetu wa fasihi hawawahesabu kwa sababu hawajachapwa.

Warangi wa Kolo wanangoja zamu yao, ingawa neno kungoja huenda halifai, maana mama wa mbaazi hangoji mtu. Alfabeti ya Kirangi ipo, imesanifiwa na watu waliofanya kazi Kondoa kwa miaka mingi. Kirangi kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na hizo mbili zimepewa herufi zao. Kijana wa hapa anayetaka kutunga shairi la beti za mistari minne minne, mstari wa Kiswahili na mstari wa Kirangi, atakutana na tatizo la kifundi kabla hajakutana na la siasa: neno la Kirangi lenye mojawapo ya irabu zile mbili likikaa mwishoni mwa mstari, na la Kiswahili likakaa chini yake na irabu iliyo jirani, je, hicho ni kina au ni guni? Amri Abedi hakuacha kanuni ya jambo hilo. Itabidi mtunzi aiweke mwenyewe, na wengine wambishie.